Shahidi wa Mbuzi Watatu

Kati ya watu watatu wa ukoo wao waliopeleka mbuzi Misikhu, kwa wazazi wa bibi harusi, aliyebaki hai ni Kanini peke yake. Mjomba Kisilu alizikwa mwaka wa korona. Masila mwenyewe, ndugu yake Kanini na bwana harusi wa siku ile, sasa alikuwa amelazwa kwenye jokofu la hifadhi ya maiti akingoja ndugu zake wamalize kubishana. Kwa hiyo neno zima lilibaki kwa mwanamke mmoja wa miaka arobaini na mbili, mshona mapazia wa Ngara, Nairobi, mtu ambaye hata jirani akichukua mkasi wake bila kuomba, yeye hununua mwingine.

Asiyewajua Wakamba atauliza mbuzi wanahusiana vipi na maiti. Wanahusiana sana. Kwa Mkamba anayeshika mila, mwanamume hajaoa mpaka watu wake wapeleke mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, na mmoja achinjwe siku hiyo hiyo, aliwe na pande zote mbili. Hiyo ndiyo ntheo. Bila ntheo, hata mkikaa pamoja mpaka meno yawaishe, nyinyi ni majirani mnaotumia mlango mmoja. Nasimiyu, mke wa Masila, alikuwa Mbukusu, Mluhya wa magharibi, na kwao mwanamke huolewa kwa ng'ombe. Wazazi wake waliwapokea mbuzi wale kwa adabu tu, kama mtu anavyopokea zawadi asiyojua ataiweka wapi. Hayo yalikuwa miaka tisa iliyopita.

Kaindi, kaka yao mkubwa, hakwenda. Alitaka mdogo wake aoe nyumbani, na siku ile alikaa kwake Mwala amenuna, akala chakula chake peke yake. Sasa Masila alikuwa amekufa. Fundi wa umeme mwenye nguvu zake, mafua yakageuka nimonia, siku nne tu, basi. Na Kaindi ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Alimpigia Kanini simu Jumapili baada ya kanisa.

"Mimi si adui wa mtu," alisema. "Lakini wewe ulikuwa huko, mimi sikuwa. Kuja Alhamisi kwa kamati ya mazishi, useme mbele ya watu vile ntheo ilifanyika. Ukisema, Nasimiyu atakaa mbele pale kaburini na jina yake itaandikwa kwa programu. Usiposema, mimi siwezi zika ndugu yangu na bibi wa kuambiwa."

Picha zilikuwapo, ndiyo. Masila alizipiga nyingi. Lakini simu ilinyakuliwa mkononi mwake mjini mwezi uleule, na picha zikaenda na mwizi. Korti nayo ilikuwapo. Sifuna, kaka yake Nasimiyu, alimshauri aende akazuie mazishi. Nasimiyu alikataa. Alisema hawezi kumwacha Masila alale kwa friji mwaka mzima huku yeye akipigania jina, na kwamba hakuna haja, maana Kanini alikuwapo na Kanini si mwongo.

Basi kilichotakiwa kilikuwa kidogo. Kanini asimame, akumbuke siku moja. Mtu mzima gani anashindwa kukumbuka siku moja?

Kanini alishindwa, na alijua ameshindwa kabla Kaindi hajakata simu. Kwa miaka miwili alikuwa mgonjwa wa ile huzuni ambayo redioni huiita sonona na mtaani huiita stress, kisha mwenye nayo akaambiwa aombe. Haikuwa na sababu ya kuonyesha watu. Hakuna aliyemfia wakati huo, hakuna aliyemwacha. Aliamka Juni moja akakuta mambo yote yamepoa, chakula hakina ladha, na mwili mzito hata kwa kusuka nywele. Kila Jumatano ya pili alifunga duka mapema akamwambia Shiru wa duka la pili kwamba anashuka mjini kununua nyuzi. Nyuzi alizosema amenunua kwa miaka miwili hiyo zingetosha kushona mapazia ya Nairobi nzima na Kiambu juu. Alikuwa anakwenda kliniki, orofa ya tatu ya jumba moja katikati ya jiji, kuonana na mshauri aitwaye Everlyn.

Everlyn ndiye aliyegundua habari ya siku. Alikuwa amemwambia, "Nitakupa neno, wewe unipe siku moja. Moja tu, iliyo na asubuhi yake na jioni yake. Neno ni furaha."

"Krismasi," Kanini alijibu. "Nyumbani."

"Krismasi gani?"

"Zote. Tulikuwa tunapika pamoja."

"Nipe moja."

Kanini alitafuta. Krismasi ilikuwapo, lakini haikuwa na mwaka, wala mtu aliyechelewa, wala kitu kilichoungua jikoni. Everlyn akampa neno jingine, hasira. Kanini akasema, mama alikuwa ananikemea. Siku gani? Alikuwa ananikemea tu. Walikwenda hivyo maneno kumi, na katika kumi yote haikupatikana siku hata moja ya kuishika.

"Si kwamba umesahau," Everlyn alimwambia. "Huu ugonjwa unakufungia kila kitu kwa gunia moja. Ukiomba punje, unapewa gunia. Wagonjwa wangu wengi wako hivyo, si wewe pekee."

"Na zinarudi?"

"Zinarudi pole pole vile unapona. Na saa zingine mtu mlikuwa na yeye akikutajia kitu kidogo, nguo, harufu, siku nzima inaamka."

Maneno hayo Kanini aliyashika vizuri. Kwa hiyo lile alilolifanya Jumanne hawezi kulisingizia kutojua, na yeye mwenyewe hajawahi kulisingizia.

Jumanne hiyo, saa nane mchana, alikuwa kwenye cherehani anapinda ukingo wa pazia la mteja. Simu ikalia. Alikuwa Nasimiyu.

"Sasa, mulamwa," alisema, akimwita wifi kwa Kibukusu.

"Mama Mutheu. Pole tena. Umekula?"

"Tunajaribu. Mulamwa, nilikuwa nafikiria. Nikuje hapo kwako tuongee juu ya ile siku ya kwetu? Si kukufunza. Kukumbushana tu. Imekuwa miaka mingi."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa na Kanini akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Alijua anahitaji kukumbushwa kuliko alivyohitaji hewa. Lakini alimwona Nasimiyu ameketi pale kwenye kiti cha wateja, anamtajia hiki na kile, naye anatikisa kichwa hana kitu, mpaka Nasimiyu amtazame usoni na kuuliza, mulamwa, kwani uko aje? Na baada ya swali hilo angelazimika kusema vidonge, na kliniki, na miaka miwili ya nyuzi za uongo. Kumwambia mjane wa siku tatu kwamba shahidi wake pekee ana ugonjwa wa kichwa, aliona ni aibu isiyobebeka.

"Ya nini?" alisema, na hata akacheka kidogo. "Mimi si nilikuwa huko? Nakumbuka kila kitu. Na Kaindi akisikia tulikaa pamoja atasema umenifunza."

"Ni kweli," Nasimiyu alisema. "Haya. Asante, mulamwa. Mungu akubariki."

Kanini alirudi kwenye pazia lake. Aliupinda ukingo vibaya, akaufumua, akaupinda tena.

Jumatano alijaribu peke yake. Alichukua karatasi ya kukatia mitindo akaandika juu yake MISIKHU, na chini yake akaandika aliyoyajua: miwa mingi, watu wakarimu, Masila alikuwa mcheshi, mjomba Kisilu alipenda chai. Aliyasoma. Yalikuwa ya kweli yote, na yangeweza kusemwa na mtu ambaye hajawahi kuvuka Nakuru. Aliomba. Akafunga macho akajaribu kuwaona wale mbuzi, akaona mbuzi, mbuzi wa popote. Jioni aliikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa vitambaa vya kutupa.

Kamati ilikutana Alhamisi saa kumi na moja na nusu, katika ukumbi wa juu wa hoteli moja ndogo nyuma ya Barabara ya Tom Mboya. Wanairobi wote wanaijua mikutano hiyo: viti vya plastiki, birika kubwa la chai, mama mmoja wa kanisani anayefungua kwa sala ndefu. Mwenyekiti alikuwa Norman, fundi mwenzake Masila, mtu mpole aliyevaa shati la kazini. Kaindi aliomba mashahidi wasisikilizane, mambo yawe safi, na Norman akakubali. Kwa hiyo Sifuna aliingia kwanza kueleza upande wa kwao, na Kanini akasubiri nje kwenye korido, amesimama, mkoba mkononi, kwa dakika zilizotosha chai kupoa.

Alipoitwa, alimwona Nasimiyu kwanza. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono magotini, ameinama mbele kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Alimtabasamia Kanini. Mwenye neno lake haruhusiwi kujishuhudia, kwa hiyo alikuwa ameambiwa asikilize tu.

"Dada," Kaindi alianza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Ulienda Misikhu?"

"Nilienda."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi. Ntheo ilipelekwa."

"Sawa. Tuelezee hiyo siku."

"Ilikuwa vizuri," Kanini alisema. "Watu wa kule ni wakarimu. Walikuwa wanatupikia, tunaongea. Masila alikuwa anafurahi sana."

Watu walitikisa vichwa. Kaindi naye alitikisa, kisha akangoja, na hakuna kilichofuata.

"Hiyo inaweza kuwa siku yoyote, Kanini. Mimi nauliza ile moja. Mlifika saa ngapi?"

"Mchana... Kwa kawaida ni safari ndefu."

"Kwa kawaida? Mlienda mara ngapi?"

"Tulikuwa tunaenda." Alisikia alivyosema akataka kurekebisha. "Mara moja. Nafikiri mara moja."

"Unafikiri." Kaindi alivua miwani akaifuta kwa tai. "Mbuzi walikuwa rangi gani?"

Kanini alitazama sakafu, kisha akamtazama Nasimiyu, na midomo ya Nasimiyu ilikuwa inacheza kidogo, kama mama anayemsaidia mtoto kusema shairi jukwaani. Wakati huo sentensi moja ilipanda mpaka kooni mwa Kanini. Ilikuwa fupi: mimi ni mgonjwa, nilikuwapo lakini siku zangu zimefungwa, niulizeni polepole. Angeisema, huenda Kaindi angekasirika, huenda angecheka, huenda angesema tuahirishe mpaka Jumamosi. Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuisema. Aliwaona wale wamama wa kanisa na vikombe vyao. Aliona kesho yake Ngara, Shiru akimtazama kwa jicho la huruma. Akaimeza.

Badala yake akakisia. Mtu asiyekuwa na kumbukumbu ana akili bado, na akili ilimwambia jinsi mambo yanavyopaswa kuwa.

"Mmoja alikuwa mweupe," alisema.

"Na nani alichinja?"

Mila inasema mzee. Mzee aliyekuwapo alikuwa mmoja. "Mjomba Kisilu," Kanini alisema, na kwa sababu alitaka kuaminika akaongeza, "kwa mkono wake mwenyewe."

Mtu mmoja wa ukoo wao, nyuma kabisa, alivuta pumzi. Kaindi alirudisha miwani machoni, na Kanini akaona kwamba kaka yake hakufurahi. Alionekana mtu aliyekuwa anatumaini.

"Mjomba Kisilu," alisema polepole, "mwaka huo alikuwa anashikiwa hata kikombe cha chai. Mikono ilikuwa inatetemeka kutoka ile stroke ya kwanza. Sisi wote tunajua. Sifuna ametuambia hapa kijana wa kwao ndiye alichinja, na mbuzi mweupe hakukuwa. Nilikuwa nimeanza kumwamini Sifuna. Sasa wewe dada yangu unakuja na hadithi yako. Mimi nishike gani?"

"Mulamwa," Nasimiyu alisema. Neno hilo moja tu, wala si kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwita mwenzake arudi, asivuke barabara. Norman alimwomba Kanini aketi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuwa cha mwingine, na aliyeumbuliwa alikuwa mwingine pia. Kanini aliyeficha alirudi nyumbani kwake salama, akavua viatu, akanywa kidonge chake.

Walimzika Masila Mwala Jumamosi iliyofuata. Programu ilikuwa na picha yake nzuri, amevaa ile kofia yake ya kazi, na ndani iliandikwa kwamba ameacha binti mmoja, Mutheu. Mtoto wa miaka minane, aliyepewa jina la mama yake Masila, ameandikwa pale peke yake kana kwamba aliokotwa sokoni. Nasimiyu alikuja na gari la majirani wa Dagoretti Corner, akakaa kwenye hema la majirani. Wakati wa kutia udongo waliitwa ndugu, kisha wakwe wa Kaindi, kisha mafundi, kisha "marafiki wote wa marehemu." Alipita na marafiki. Alitia udongo wake, akasimama muda mrefu kidogo kuliko wengine, na mwelekezaji akamgusa bega ili foleni isonge. Kanini alikuwa ameshatia wake zamani, pale mbele, na alitamani mkono ule umkauke.

Alikaa wiki tano kabla ya kwenda Dagoretti Corner. Wiki tano, na mahali penyewe ni safari ya dakika arobaini. Kila siku alikuwa anakwenda kesho. Everlyn, alipoambiwa yote, hakumlaumu wala hakumtetea. Alimuuliza tu, "Na huyo mama, ameshajua uko mgonjwa?" Kanini akasema hajui. Everlyn akafunga daftari lake, akasema basi kwa leo wameshamaliza, wangeonana akishatoka kwa huyo mama.

Nasimiyu alikuwa anahama. Chumba kilikuwa nusu maboksi, godoro limesimamishwa ukutani, nguo zimelundikwa kitandani. Alikuwa amepata chumba kidogo Kawangware karibu na dada yake. Mutheu alikuwa shuleni. Nasimiyu alimtazama Kanini pale mlangoni kwa muda, kisha akamwondolea boksi kwenye kiti na kubandika maji ya chai, maana Mluhya hata akikukasirikia vipi, chai utakunywa.

"Nimekuja kusema kitu," Kanini alisema.

"Sema."

Akasema. Alianza vibaya, akarudi mwanzo, akaanza tena. Alisema juu ya Juni ile, na vidonge, na nyuzi za uongo. Alisema juu ya Krismasi isiyokuwa na mwaka. Alisema kwamba Jumanne ile alikuwa hakumbuki chochote, na Alhamisi pia, na yule mbuzi mweupe alimtoa kichwani.

Nasimiyu alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Hiyo ugonjwa iko na jina?"

"Iko."

"Na hukuona ya kuniambia mimi." Hakuuliza, alisema. "Mimi nilidhani Kaindi amekununua. Nilikaa hapa nikakuchukia wiki tano. Hata maombi nilikuwa nashindwa. Kumbe ulikuwa unaona haya."

"Nisamehe."

"Sijafika hapo." Alikung'uta shati la Masila kwa nguvu, likalia kama kofi. "Acha nikuambie hiyo siku basi, ndio ujue ni nini ulipoteza. Ilikuwa Ijumaa. Mvua ilinyesha kutoka asubuhi. Masila aliomba pikapu ya bosi wake, akaendesha mwenyewe, ikakwama kwa matope hapo kwa kona ya kuingia kwetu. Mkawateremsha mbuzi hapo. Wawili wa kike, weusi. Na ile dume, ya kahawia, ikakata kamba ikaingia kwa miwa ya baba."

Kanini alikuwa anasikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za watu wengine. Aliona aibu kwamba ilikuwa hadithi nzuri.

"Wanaume wote wakasimama wanaangalia suti zao. Ni wewe uliingia. Na viatu zako za kanisa. Tukasikia tu miwa ikivunjika, na wewe unapiga kelele, halafu ukatoka umeshika huyo dume mguu wa nyuma, matope mpaka hapa." Nasimiyu alijigusa kiunoni. "Mamangu akasema, huyu ndiye mkwe wangu, hao wengine ni wageni. Akakuketisha jikoni akakuosha miguu. Na maji ya moto, kwa ile karai ya bluu. Maji ilikuwa imeungua kidogo, inanuka moshi, ukasema..."

"Nikasema inanuka kama chai ya mazishi," Kanini alisema.

Alikuwa ameshika pembe ya kiti. Harufu ndiyo iliyotangulia, moshi wa kuni mbichi ndani ya maji, kisha vidole vigumu vya yule mama katikati ya vidole vyake, kisha mvua kwenye mabati, nyingi mpaka mtu ilimbidi apige kelele ili asikike. Siku ile iliinuka yote kwa mara moja, na ilikuwa na asubuhi yake na jioni yake.

"Masila alikuwa mlangoni," alisema. "Alikuwa na viatu vyangu. Anatoa matope na kijiti. Akasema hiki ndicho kiatu kilichonioza, nikizeeka nitakitundika ukutani. Na mjomba... Walimpa mjomba kisu, akakiangalia, akanyoosha mikono yake mbele ya watu wote waione vile inatetemeka. Akasema, mikono yangu imestaafu, lakini mdomo bado uko kazini, leteni kijana. Akaja kijana mmoja, shati nyekundu. Mjomba akamwekea mkono mgongoni wakati anachinja, ndio iwe ni yeye pia. Akasema sasa huyu ni mtoto wetu. Alikuwa anakuangalia wewe."

Nasimiyu alikuwa ameacha kukunja.

"Hiyo ya kustaafu," alisema, "mimi sijakuambia."

"Hapana."

"Hata nilikuwa nimeisahau."

Walitazamana. Kisha Kanini akatoa simu kwenye mkoba, akampigia Kaindi palepale. Alimweleza yote bila kupumua: miwa, karai, shati jekundu, na maneno ya mjomba kama yalivyosemwa.

"Mikono imestaafu," Kaindi alisema. "Hiyo ni yeye kabisa. Hakuna mtu anaweza kutunga hiyo." Alikohoa. "Nakuamini. Na sasa nifanye nini, Kanini? Nimfukue nimwambie alikuwa na bibi? Watu walikuja, walimwona akipita na marafiki. Wamerudi makwao na hiyo ndio wanajua."

"Unaweza kuwaambia."

"Nitawaambia. Moja moja, nikikutana nao. Mwambie Nasimiyu... Sijui umwambie nini." Akakata simu.

Nasimiyu alikuwa amesikia. Alirudi kwenye rundo la nguo, akachagua shati moja, akalikunja polepole, mikono kwanza, kisha mwili, akaliweka juu ya mengine ndani ya boksi. Kanini alitaka kumwambia kwamba atakwenda mwenyewe Mwala, atasimama kanisani, atasema. Na huenda angekwenda kweli. Lakini alijua, na Nasimiyu alijua, kwamba mtu hutiwa udongo mara moja.

"Ile Jumanne," Nasimiyu alisema bila kuinua kichwa, "nilikupigia nikiwa Ngara. Hapo chini kwa ngazi za duka lako. Nilikuwa nimekuja na Mutheu."

"Mbona hukupanda?" Kanini aliuliza.

"Ulisema unakumbuka kila kitu, mulamwa. Nikakuamini, tukarudi nyumbani."